Ng'ombe Wangu Hana Nundu

Nani aliwatuma watengeneze televisheni nyembamba? Namtafuta huyo mtu. Kwa ajili yake leo niko kibarazani hapa Ngokolo, Shinyanga, mwanaume mzima mwenye ndevu, nafuma ng'ombe wa uzi.

Usicheke kwanza. Ngoja nimalize, utacheka vizuri.

Zamani nyumba ya mtu mwenye heshima zake ilikuwa na TV ya chogo. Juu ya chogo kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa maua ya plastiki. Redio nayo kitambaa. Makochi vitambaa, mgongoni na mikononi. Hata mtungi wa maji ulivalishwa. Mke wangu amelipa ada za watoto kwa vitambaa hivyo. Sasa zimekuja flati, zinatundikwa ukutani. Kitambaa ukiweke wapi? Kinateleza, kinaangukia king'amuzi. Na makochi siku hizi ni ya kona, mwenye nyumba anakwambia vitambaa vinamzibia dizaini. Biashara ikalala chali.

Mke wangu hana muda wa kulia. Aliingia kwenye simu na bando la jero, akatoka na wanyama. Anasema Wajapani ndio waliouvumisha huu mtindo wa kufuma vidude vya watoto kwa kroshia, vina macho, vina mikia, ndani vimejazwa. Kenya nako, pale Njoro, kuna kina mama wa Kenana Knitters. Wale wanatumia sindano mbili na sufu ya kondoo, na wanyama wao wanauzwa mpaka ng'ambo. Sisi tumekosa nini? Akapata oda. Mwenye oda yuko Mwanza, ana duka la vitu vya watoto. Anataka kuku, kondoo, nguruwe na ng'ombe. Na anataka jana.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka machimboni, huko Geita upande wa Nyarugusu. Matokeo usiniulize. Yaani mtu katoka kwao Kanada, Williamson, akaja mkoa wetu huu wa Shinyanga akaikuta almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mgeni! Mimi mzaliwa nimeshuka maduara, nimebeba viroba vya mawe, nimepanga foleni ya karasha, nimerudi na malaria na deni la mama ntilie.

"Baba, hiyo mikono umeiweka kwa kazi gani?" mke wangu akaniuliza.

Nilidhani anataka maji ya bombani. Nikashika ndoo. Akaniambia weka ndoo chini, akanipa ng'ombe. Kuku ni wa binti yetu, kondoo na nguruwe ni wake, ng'ombe ni mimi. "Ng'ombe ndiyo rahisi. Wewe si Msukuma?"

Sasa tatizo ni hilo hilo. Ningepewa nguruwe ningefuma kwa amani, nani angejua? Lakini ng'ombe! Shinyanga! Hapa kila mtu ni daktari wa ng'ombe. Muuza vocha anajua ng'ombe. Fundi baiskeli anajua ng'ombe. Mtoto hajui kuandika jina lake, lakini mpe udongo wa mfinyanzi, atakufinyangia ng'ombe mwenye pembe, mwenye nundu, ukikaa vibaya anakupiga teke. Na mimi huyu ndiye wa kuwaonyesha.

Nikatumwa dukani. Duka limejaa kina mama. Nikasema naomba sindano ya kroshia.

"Namba ngapi?"

"Ya kawaida."

Kimya. Kina mama wote wakageuka. Nikaongeza, "Nimetumwa." Ikawa mbaya zaidi. Nikapewa moja nene hivi, nikaipenda, angalau inashikika. Nyumbani mke wangu akaitazama akasema hii ni ya kufumia shali. Ya mdoli ni nyembamba, milimita mbili na nusu, ili matundu yabane, pamba isichungulie. Rudisha. Narudi, kina mama ni wale wale, hakuna hata mmoja aliyeondoka. Hivi watu hawa hawapiki? "Shemeji karudi!" Wakanisogezea na kiti.

Halafu uzi. Nikaomba wa kahawia, umeisha. Kuna wa chungwa. Nikachukua wa chungwa, ng'ombe si ng'ombe tu? Nageuza lebo, umetoka China. Nanusa, plastiki tupu. Jamani! Nimekuja dukani nimepishana na lori la pamba. Ukitoka hapa kwenda Kishapu mashamba ya pamba yanakusindikiza njia nzima. Pamba ya nchi hii karibu yote inalimwa huku kwetu kanda ya magharibi. Tunaivuna, tunaipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, inachambuliwa, inafungwa marobota, nyingi inapanda meli kwenda kwa wenzetu. Sisi tunabaki kununua uzi wa plastiki kwa bei ya kitoweo. Nikalipa. Ningefanyaje?

Somo likaanza. "Tunaanza na duara," mke wangu akasema. Jasho likanitoka. Maduara ninayoyajua mimi yana kamba na mtu chini anayepiga kelele. Hili ni la uzi, unalizungushia kidoleni, ndani yake unaweka vifundo sita. Mzunguko wa pili kila tundu unaingia mara mbili, vinakuwa kumi na viwili. Wa tatu unaruka tundu moja ndipo unaongeza, kumi na nane. Kisha ishirini na nne. Kisha thelathini, hapo kichwa kinaanza kuwa kichwa. Ukikosa kimoja tu, ng'ombe anapinda shavu. Na hakuna mashine ya kukuokoa. Sweta lina mashine yake. Kroshia hii hata wakubwa wa viwanda imewashinda, ni vidole tu. Vyangu vina sugu za sululu. Uzi siuhisi. Nachoma tundu, naibuka na nusu ya uzi. Navuta, nusu nyingine inabaki ndani inanicheka.

Bado kuhesabu. Kuhesabu kibarazani Usukumani, wewe umewahi kujaribu? Nimefika kumi na nne, anapita bibi.

"Mwangaluka!"

Salamu ya mkubwa huwezi kuiacha hewani. Unaweka sindano chini. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu. Watoto? Mhola. Kwenu? Mhola. Mvua? Hapo mhola inasita kidogo, tunazungumzia mvua. Bibi akiondoka, nilikuwa kumi na ngapi? Naanza upya. Nafika kumi na moja, anapita mzee na baiskeli. Jioni salamu inageuka mwadila, lakini hesabu inapotea vile vile. Nikasema nihamie uani. Uani kuna mke wangu, naye yuko kichwa cha pili cha nguruwe, anahesabu huku anasonga ugali na kugombana na mtu kwenye simu. Nikarudi kibarazani. Afadhali salamu.

Vijana wa bodaboda wa pale kona wao hawasalimii. Wananiita bibi harusi. Mmoja kaniagiza kofia. Nilidhani utani, kumbe katoa na vipimo.

Kichwa kikapatikana. Mwili ukapatikana, mrefu mno lakini ukapatikana. Miguu minne, kila mmoja na urefu wake, kwa sababu kila mmoja ulifumwa siku yenye wapita njia tofauti. Ikaja kazi ya kujaza. Mke wangu kasema nunua pamba safi iliyochambuliwa. Ninunue pamba, mimi, Shinyanga? Nikampigia shemeji yangu Kishapu, akanitumia kifurushi cha pamba ya shambani, bure kabisa. Nikajaza mpaka ng'ombe akanenepa. Nilikuwa nimejaza mbegu. Kilo tatu za pamba ya shambani, nyuzi ni kilo moja na kidogo, inayobaki ni mbegu. Zile zinazokamuliwa mafuta, kisha mashudu wanapewa ng'ombe. Wangu kala mashudu kabla hayajakamuliwa. Ukimbonyeza ubavu, kuna vinundu. Shingoni vinundu. Chini ya sikio kimoja kikubwa.

Nikamshona miguu. Akasimama kidogo, akapiga magoti. Jirani akachungulia akasema, "Punda mzuri." Nikakubali. Punda ana ubaya gani? Tena wa uzi yuko salama kuliko wa nyama. Mji huu umewahi kuwa na machinjio ya punda, ngozi zinakwenda China, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Nikamwambia mke wangu tubadilishe oda, tuandike punda. Hakunijibu. Alisema tu, "Nundu iko wapi?"

Nundu! Video tuliyoifuata ilikuwa ya mama mmoja wa Ulaya, ng'ombe wake mweusi na mweupe, mgongo umenyooka, unaweza kuweka chai. Huku kwetu ng'ombe wa asili bila nundu ni ng'ombe gani? Nikafuma kidonge, nikakijaza, nikakishona katikati ya mgongo. Ngamia. Watoto wa mtaa wakaja kumwangalia ngamia. Nikakifumua, nikakisogeza mbele mabegani, panapostahili. Kikasukuma kichwa. Kichwa kikainama, na hakijainuka mpaka leo. Nikasema basi, yuko malishoni.

Siku hiyo hiyo, ndiyo bahati yangu, baba mkwe akashuka kutoka Kishapu kuja kliniki. Hakupiga simu. Na unajua mkwe ni mtu wa heshima, huwezi kukaa naye ovyo ovyo, sembuse na kroshia mkononi. Nikasimama haraka, ng'ombe nikamficha mgongoni. Shikamoo baba. Marahaba. Bonge la uzi likaanguka. Likabiringika taratibu, likavuka kibaraza, likasimama kwenye kiatu chake. Akautazama uzi. Akaufuata kwa macho mpaka nyuma yangu.

"Unafuga nini huko?"

Nikamtoa. Sasa kuna jambo sijakwambia. Mahari ya binti yake sijamaliza. Kuna ng'ombe wake wako kwangu kwa maneno tu, tangu mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa, na leo mtoto huyo ananyoa ndevu. Kwa hiyo baba mkwe alipopokea ng'ombe kutoka mkononi mwangu, hakumpokea kama mdoli. Alimpokea kama mtu aliye mnadani.

Akavaa miwani. Akamgeuza. Akatafuta meno ajue umri, hakuna mdomo. Akainua mkia. "Dume au jike?" Nikanyamaza. Hakuna kiwele, na upande wa pili nao hakuna kitu. "Maksai," akajiandikia mwenyewe. Akaja kwenye rangi. Kisukuma kina jina kwa karibu kila rangi ya ng'ombe na kila mpangilio wa madoa, mzee akajaribu moja, akatikisa kichwa, akajaribu jingine, akaacha. Chungwa halimo. Akambonyeza ubavu. Akasimama hapo hapo.

"Ana mapele ngozi huyu."

"Ni mbegu za pamba, baba."

Hakunisikia. Vidole vilishafika chini ya sikio. "Na hapa pamevimba. Ndigana kali. Josho unampeleka?" Mke wangu kaingia ndani, nasikia mabega yake yanavyocheka. "Chanjo je? Serikali imeanzisha kampeni mwaka 2025, mifugo inachanjwa na kuvalishwa hereni. Hereni yake iko wapi?" Nikajikuta najitetea! Mimi, mtu mzima, nasema foleni ilikuwa ndefu. Vijana wa bodaboda wameshashuka wote kwenye pikipiki, wamesogea, mmoja anarekodi.

Mzee akavua miwani. Akafikiri. Akamtia ng'ombe mfuko wa koti.

"Huyu simwingizi kwenye hesabu," akasema. "Huyu ni riba."

Wabeja, nikasema. Nimeshukuru kunyang'anywa. Jioni mke wangu akahesabu oda: kuku wametimia, kondoo wametimia, nguruwe wametimia, ng'ombe hayupo. Nikamweleza yuko kwa baba yake. Akasema mwenye duka la Mwanza hamjui baba yake. Akanirushia bonge jingine la uzi, la zambarau safari hii, ndilo lililobaki dukani.

Na jana shemeji kapiga simu kutoka Kishapu. Wajukuu wanamgombania yule maksai, kila mmoja anataka alale naye. Mzee anasema ng'ombe mmoja hajawa kundi. Anataka dume, mwenye meno, asije tena kubahatisha umri. Nimeulizia hayo meno. Ng'ombe juu mbele hana, ya mbele yote yako chini, na aliyekomaa anayo manane. Manane! Mimi kwa uzi najua kuhesabu kwa sita sita tu.