Nangoja Basi Ziwani

Kwa miaka 34 nilisimama stejini Uthiru nikingoja basi. Asubuhi nilingoja la kunipeleka kazini mjini, jioni nikasimama mjini nikingoja la kunirudisha. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na mvua ikinyesha ongeza mwenyewe. Nimepiga hesabu, maana siku hizi sina kazi nyingine, nikaona kwamba karibu mwaka mzima wa uhai wangu, usiku na mchana, umeishia stejini, nusu yake pale kando ya Waiyaki Way nikinyoosha shingo kuelekea Kinoo. Siku ya kuniaga kazini niliapa mbele ya keki: sitangoja basi tena maishani.

Huu ni mwezi wa tano nangoja basi. Tofauti ni kwamba huyu ana mapezi.

Wazungu wanamwita bass. Sisi tukimtia ulimini anakuwa basi, na hapo ndipo matatizo ya nyumbani yalipoanzia. Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na moja, giza bado, kofia kichwani.

"Baba Shiru, unaenda wapi?"

"Kutafuta basi."

Kimya. Kisha nikasikia mama watoto akinong'ona na simu, akimwambia binti yetu kwamba yale yaliyompata mzee wa ploti ya nyuma sasa yamebisha hodi kwetu. Yule mzee alistaafu, na kwa mwezi mzima akawa anaamka, anafunga tai na kwenda stejini. Ilibidi wanawe wamfuate kwa zamu. Mimi nilipojaribu kueleza kwamba basi ninayemtafuta anaishi majini, mambo yakaharibika zaidi.

Chanzo cha yote ni daktari. Alinipima presha, akatikisa kichwa, akasema nitafute kitu cha polepole cha kufanya, kitu kama kuvua samaki. Nilimsikiliza kwa sababu ndiye mtu wa kwanza ambaye hakuniambia nifuge. Mkenya akistaafu, hata kabla marupurupu hayajaingia, kila mtu ana mnyama wa kumshauri: kuku wa kienyeji, sungura, nguruwe. Kware nilifuga mwaka 2014, nchi nzima ilipopandwa na wazimu wa mayai yake. Tusiyaongee hayo, nina presha.

Ila kuvua samaki hakukuwa katika damu yetu. Kwetu ni Murang'a, na wazee wa Kikuyu hawakuwa walaji wa samaki. Babu yangu alimhesabu samaki kuwa nyoka aliyeogopa jua. Jirani yangu wa mlango wa tatu, aliyezaliwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, aliposikia kwamba nataka kujifunza uvuvi nikiwa na miaka 60 na kitu, alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. "Mzee," akasema, "samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe umeshakaushwa, umetiwa chumvi, umefungwa kwenye gazeti." Nikamjibu kwamba kosa si langu. Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60. Wenzangu wote ofisini walishangilia, nami nikapiga makofi pamoja nao, mjinga mimi. Miaka ile 5 ndiyo goti langu la kushoto lilikuwa bado linakunjika.

Kwa nini basi, na si samaki mwingine? Kwa sababu mjukuu wangu ana simu. "Guka, huyu ndiye mtamu kuvua," akaniambia, akanionyesha Wamarekani wazima wakipiga kelele ndani ya mashua kama waliofunga bao. Akanisomea kwamba basi mkubwa kupita wote alivuliwa mwaka 1932 kule Georgia na kijana mmoja mkulima, George Perry, samaki mwenyewe akiwa na uzito wa kilo 10 na ushee. Rekodi hiyo haikufikiwa hadi 2009, Mjapani Manabu Kurita alipomtoa wa kulingana naye Ziwa Biwa. Perry ndiye mvuvi pekee ninayemheshimu. Inasemekana alimpeleka samaki wake nyumbani, wakampika, wakamla. Hawa wa siku hizi wanambusu samaki kisha wanamrudisha majini. Nilipe nauli, nichomwe na jua, nimshike, halafu nimwambie kwaheri?

Basi si mwenyeji wetu. Aliletwa kutoka Marekani na kutiwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, ili walowezi wapate cha kuvuta kwa ndoana Jumapili. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus ilianza kubeba watu Nairobi mwaka 1934. Yaani basi wa majini alitangulia basi la barabarani kwa miaka 5, na bado hajafika kwangu. Kabla ya wageni kuletwa, ziwa lile lilikuwa na samaki wa aina moja tu, mdogo kama kidole. Wazungu wakatia tilapia mwaka 1925, wakafuata na basi, mwaka 1970 wakaletwa kamba wa Marekani wenye magando mekundu, na miaka ya 2000 ilipoanza samaki wa kizungu wanaoitwa kapu wakajileta wenyewe na kujaa nyavuni. Naivasha kumbe ni Nairobi ndogo: kila mkazi ametoka kwingine. Yule samaki mwenyeji hajaonekana tangu 1962.

Vifaa sasa. Fimbo ya kuvulia niliipata kwenye soko la mitumba la Toi, imesimamishwa kati ya miavuli. Kijana muuzaji aliniapia kwamba ni antena ya kizungu. Nikamlipa bei ya antena, nikaondoka haraka kabla hajaelimika. Ilikuwa na kigurudumu cha kukunjia mshipi, ila kigurudumu chenyewe hakikuwa na mkono wa kukizungusha.

Nairobi ukikosa spea ya kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu, unakwenda Grogan, kule chini Kirinyaga Road kwa watu wa gasketi na breki. Barabara ile zamani iliitwa Grogan Road, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesifika kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo. Mafundi wa pale hawajui, na mimi nisingejua kama si uzee kuniachia muda wa kusoma, kwamba ndiye aliyeleta trauti kutoka Scotland mwaka 1905 na kuwatia Mto Gura kule Aberdare. Kwa hiyo nilifika kwa mwenye samaki bila kukusudia. Fundi alikigeuza kile kigurudumu, akakinusa, akauliza ni cha gari gani. Nilipomweleza akaingia ndani ya kichuguu cha vyuma, akatoka na mkono wa kufungulia dirisha la Nissan kuukuu. Akaukata, akauchomea, akapaka grisi. Unafanya kazi vizuri sana. Ila kila nikikunja mshipi najihisi nateremsha kioo nimsalimie trafiki.

Chambo ndicho kilicholeta vita. Basi hapendi ugali. Anakula samaki wadogo, vyura na wale kamba wekundu, naye hujificha kwenye majani na kurukia kinachopita. Wataalamu humdanganya kwa chambo bandia, na kimoja cha zamani kabisa ni kijiko: unakitoboa, unakifunga ndoana, unakivuta majini kinametameta kama kidagaa mgonjwa. Nyumbani tuna vijiko 6 vya chai tulivyopewa zawadi ya harusi, ambavyo katika miaka yote hii havijawahi kukoroga chai ya mtu asiye mchungaji au mkwe. Fundi wa Grogan alitoboa kimoja kwa dakika 2. Sijui mama watoto huvihesabu saa ngapi, lakini jioni ile alijua.

Nikaanza mazoezi uwanjani mwa ploti. Jambo ambalo video hazisemi ni kwamba kurusha mshipi kunahitaji nafasi, na ploti za Uthiru zina kamba za nguo. Siku ya kwanza nilivua shuka la jirani. Siku ya pili nikavua suruali ya mwenye nyumba akiwa anaitazama. Siku ya tatu sikurusha popote; nilipita mjini kutoa pensheni, fimbo begani, na askari wa mlangoni benki akanizuia. "Mzee, silaha inabaki nje." Nikamwambia ni ya samaki. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akauliza kama nina leseni, nami, kwa fahari ambayo sijawahi kuwa nayo ndani ya benki yoyote, nikaitoa. Sheria ya Kenya inataka leseni hata kwa anayevua kwa kujifurahisha. Nimeishi kuona siku ambayo mzee anahitaji kibali cha kukaa bure.

Kisha safari. Kutoka Uthiru kwenda Naivasha mtu mwenye akili angesimama barabarani, maana magari yote yanapita pale pale. Lakini yanapita yamejaa. Kwa hiyo napanda ya kwenda mjini, nateremka, natembea hadi Nyamakima, naketi ndani ya matatu ya Naivasha ikijaza, kisha saa moja na nusu baadaye napita mbele ya lango langu mwenyewe, nimeshalipa nauli mbili, nikimwona mama watoto akinunua sukuma wiki.

Na ni pale Nyamakima nilipoelewa uvuvi. Nilifika nikakuta matatu ina watu 10, zimebaki siti 4. "Mzee ingia, tunatoka hivi!" Nikaingia. Mara mmoja akateremka kununua maji, mwingine akaitwa na simu, wengine mmoja mmoja wakakumbuka kitu. Tukabaki abiria wawili, mimi na mama mmoja mwenye kuku. Wale wengine walikuwa vijana wa steji, hulipwa kidogo kwa kazi ya kukaa tu ili gari lionekane limejaa. Nimekimeza chambo hicho miaka 34, na siku ile, nikiwa na leseni ya uvuvi mfukoni, nilikimeza tena. Nikamtazama makanga kwa jicho jipya kabisa. Huyu alipaswa kuwa na mashua.

Kule Karagita, ufuoni mwa Ziwa Naivasha, nilimkodi kijana mwenye mashua, akanivisha jaketi la kuokolea, akanipa kanuni mbili: nisisimame, na nikiona masikio mawili juu ya maji nisiseme kitu. Masikio hayo ni ya kiboko, na hataki utani. Tukaingia polepole kando ya mafunjo. Nikarusha. Nikavua gugu maji. Nikarusha, gugu maji. Mara ya tatu lilikuja gugu maji na kamba mmoja mwekundu amening'inia, ananitazama kwa dharau ya mtu aliyetangulia kuhamia mtaa. Kijana akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, pale ufuoni wanauza waliokaangwa. Kwa nini usinunue?" Sikumjibu. Nilipanda magari matatu.

Ndipo akanifundisha, kwa kuwa saa zake nilikuwa nimelipia. Basi dume, akasema, ndiye anayechimba kiota chini ya maji, na jike akishataga ni dume anayebaki kulinda mayai na vitoto. Wakati huo hana haja na chakula. Kinachopita karibu anakigonga kwa hasira tu. "Hapo humvui kwa njaa yake, unamvua kwa ukali wake." Nikamwelewa samaki huyo papo hapo. Mimi mwenyewe hivyo ndivyo ninavyotoka nje mtu akiegesha gari mbele ya lango letu. Nisingekosa kugonga kijiko.

Nikakirusha tena, safari hii kwenye uwazi kati ya majani mawili. Nikaanza kuteremsha kioo cha Nissan, taratibu. Saa tano na dakika kumi asubuhi, mshipi ukakazika. Fimbo ikapinda hadi majini, mkono wa dirisha ukazunguka kinyume ukanipiga vidole, na mbele yangu, hatua 10 hivi, akaruka samaki wa kijani, mdomo wazi kama wa makanga, kijiko cha harusi yangu kikimeremeta shavuni. Nilisimama. Kijana akapiga kelele niketi. Nikaketi. Mshipi ukalegea.

Hivyo ndivyo basi hupita stejini. Unalinyooshea mkono, unamwona hata dereva, na halisimami.

Nilirudi Uthiru usiku na samaki wawili waliokaangwa, nimewafunga kwenye gazeti. Mama watoto alikula, akasifu, kisha akauliza kijiko kiko wapi. Nikamwambia kiko Naivasha, na kinatumika. Vilivyobaki ni 5, na kabati la vyombo sasa lina kufuli. Alhamisi narudi. Kama kuna msomaji mwenye kijiko cha chai asichokihitaji, cha chuma, kisicho na kutu, anisaidie kabla ya hapo.