Mkate Hauna Siasa

Wako waungwana wa mitandaoni ambao, wakitakiwa rai yao juu ya mambo ya serikali, hujibu kwa taadhima kwamba wao ni watu wa mapishi, siasa hawaijui. Na Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulipopendekeza mkate utozwe kodi ya asilimia 16, waliendelea kuupaka siagi mbele ya kamera kwa utulivu wa ajabu, ilhali wafuasi wao wamo barabarani wakikohoa moshi wa vitoza machozi. Lakini ukiwadia uchaguzi, na bahasha ikiisha kupokewa, ndimi zizo hizo hufunguka kwa fasaha. Basi semeni au nyamazeni, hiari yenu. Ila bei tuandikieni chini ya picha.