Mwongozo wa Diwali kwa Mhindu Aliyehamia Songea Juzi

Kwanza liondoe kichwani lile wazo ulilokuja nalo kutoka Dar es Salaam, kwamba mwaka huu mtasherehekea kimya kimya nyumbani, ninyi wanne na bibi. Kisutu, huko Dar, inawezekana. Kule mahekalu yamepangana mtaa mmoja, majirani wamezaliwa wakiziona taa za Diwali, na mtu akipita na sinia la mithai hakuna anayegeuza shingo. Songea nyumba haiishii ukutani. Nyumbani kwako ni wewe, mlinzi, mama anayekuuzia mchicha, kijana wa bodaboda aliyefanya kivuli cha mwembe wako kuwa kijiwe, balozi wa nyumba kumi, na watoto wote wa Mfaranyaki ambao jioni hiyo, kwa bahati tu, watakuwa wanacheza mpira mbele ya geti lako. Mwandishi wa mwongozo huu ni jirani wa aina hiyo hiyo. Ushauri wake upokee ukijua ana maslahi.

Tuanze na tarehe. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, usiku ambao mwezi haupo kabisa angani. Jirani yako Mwislamu ni mzoefu wa mambo ya mwezi, naye atakuuliza kwa nia njema kabisa, "Vipi, umeonekana?" Utamjibu kwamba ninyi mnasherehekea kwa sababu haujaonekana. Atanyamaza kidogo. Mpe muda. Na ukimsimulia ya 2024, usiku wa giza ulipogawanyika baina ya siku mbili, wengine wakawasha taa 31 Oktoba na wengine 1 Novemba, atakukumbatia: alidhani mabishano ya namna hiyo wanayo wao peke yao.

Mapumziko usiyategemee. Kenya sheria inawatambulia Wahindu siku yao. Tanzania Diwali haimo kwenye orodha ya sikukuu za kitaifa, kwa hiyo ikiangukia siku ya kazi watoto wataenda shule na duka litafunguliwa.

Sasa taa. Vitaa vya udongo, utambi wa pamba, samli kidogo, vinapangwa barazani na madirishani, na kwa kweli vinapendeza. Lakini unaviwasha katika mji ambao uliishi kwa jenereta za dizeli hadi 2018, njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipofika. Mtu mzima yeyote hapa akiona mwali mdogo dirishani ana tafsiri moja tu. Kabla hujamaliza safu ya pili utasikia hodi. "Jirani, umekatika kwako tu? Au LUKU imeisha?" Wa pili atakuja simu iko mkononi, tayari kukununulia umeme wa elfu mbili. Usimcheke, wala usianze hapo mlangoni hadithi ndefu ya Rama kurudi Ayodhya baada ya miaka 14 msituni. Mkaribishe ndani akae. Umeshapata mgeni wa kwanza, na hukumwalika.

Rangoli ichore mchana. Narudia: mchana, mbele ya watu, tena watoto wa jirani wakusaidie kujaza rangi. Ninyi mnajua kwamba yale maua ya unga mlangoni, pamoja na zile nyayo ndogo zinazoelekea ndani, ni ya kumkaribisha Lakshmi. Sisi tunachokiona ni mtu mzima aliyeinama kizingitini saa tatu, usiku usio na mwezi, ananyunyiza unga na kupanga vyungu vidogo vyenye moto. Mji huu umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita ambavyo wengi waliviingia wakiamini maji ya dawa yatazuia risasi. Habari za dawa hapa zina historia, na wazee hawazifanyii mzaha. Ukichora usiku, asubuhi utaona watu wanapita upande wa pili wa barabara, hata wale wanaokudai. Rangoli ina adui mwingine, kuku, lakini huyo tutamfikia.

Bibi atasema mlango ubaki wazi usiku kucha ili mungu wa kike wa mali asikute umefungwa. Bibi asikilizwe. Kisha asikilizwe na mlinzi, ambaye anajua ni nani hasa huingia kwenye milango iliyo wazi usiku wa manane. Saa nne inatosha. Lakshmi ana nyumba nyingi za kupitia, bila shaka huanza mapema.

Kwenye chakula ndiko utakakopimwa. Unga wa dengu agiza Dar es Salaam. Utasafiri karibu kilomita elfu moja kwenye buti la basi na kushuka stendi ya Shule ya Tanga saa ambayo kondakta ataona inafaa. Ladu zianze kupikwa siku mbili tatu kabla. Uji mzito wa dengu unapitishwa kwenye mwiko wa matundu, matone yanadondokea kwenye samli ya moto na kuibuka punje za manjano. Punje zinatiwa kwenye shira ya hiliki, halafu zinafinyangwa mipira zingali za moto, kwa kuwa zikipoa hazishikani. Viganja vinaungua, mpishi analaani kimoyomoyo, na mpira wa mwisho hutoka umepinda. Uliopinda mpe mwandishi.

Barfi inahitaji subira zaidi, yaani subira yako kwa mgeni. Ataishika, nyeupe, imekatwa pembe nne, ataigeuza kama mtu anayekagua kipande cha sabuni. Kabla ya kuuma atakuwa ameshabandua lile karatasi la fedha la juu na kuliweka ukingoni mwa sahani. Ukimwambia kwamba ile ni fedha halisi na inaliwa, ataliokota tena, atalitazama kwenye mwanga, atalikunja na kulitia mfukoni. Mwache. Kitakachoisha kwanza, hata hivyo, si mithai. Ni chevda. Ina chumvi, ina pilipili, ina karanga, na inakubaliana na kila kinywaji kinachopatikana mkoani Ruvuma, vikiwemo vile ambavyo hutavitaja mbele ya bibi.

La nyama nitalisema polepole. Mgeni atapakuliwa wali, dengu, viazi, mchuzi wa bilinganya, naye ataanza kuufukua wali kwa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Anatafuta. Haingii akilini mwake kwamba sikukuu imefika na hakuna kilichochinjwa, na atakuhurumia sana: biashara imekuwa mbaya kiasi hicho? Siku ya pili atarudi amekushikia kuku. Hai, amefungwa miguu, anakabidhiwa kwa mikono miwili. Huku kwetu hiyo ni heshima kubwa, na kumrudisha kuku ni kumtukana aliyemleta. Mpokee nawe kwa mikono miwili, shukuru, mfungue miguu nyuma ya nyumba. Ataishi kwako hadi uzee, na kila mwaka ataila rangoli kabla watu hawajaiona. Iko nyumba moja mjini ambayo haijawahi kununua kuku wala kula kuku, na ina banda kubwa kuliko langu.

Atakuja pia mzee mmoja. Usimfanyie haraka. Zamani maduka ya Wahindi katika miji kama huu yalikuwa mengi. Baada ya serikali kutaifisha majengo mwaka 1971 familia nyingi ziliondoka. Mzee huyu ujana wake aliumalizia nyuma ya kaunta ya mojawapo ya maduka hayo. Atazitaja mithai zako kwa majina, ataonja ladu, atasema hiliki ni kidogo. Atakuwa amesema kweli.

Hatari kubwa kuliko zote ni daftari. Wafanyabiashara wa Kigujarati siku ya Diwali hukibariki kitabu kipya cha hesabu: kinapakwa unga mwekundu, kinaandikwa maneno ya heri na faida, na siku hizi hata kompyuta na mashine ya EFD huwekwa mbele ya picha ya Lakshmi. Kwa kalenda yao ya Vikram Samvat, mwaka 2082 ulianza Oktoba 2025; kwenye risiti usiuandike, TRA haiutambui. Lakini chunga ulimi wa kijana wako wa dukani. Akisema kijiweni kwamba "bosi leo anafunga daftari la zamani, anafungua jipya", kufikia magharibi Songea nzima itakuwa imeelewa kwamba madeni yamefutwa. Mtu aliyekuwa hapiti mbele ya duka lako tangu msimu wa mbolea atatokea amevaa shati la kupiga pasi, atakushika mkono kwa muda mrefu, atasema Mungu akuzidishie. Kisha ataomba, kwa unyenyekevu, kuliona hilo daftari jipya. Dawa ni moja: ukurasa wa kwanza andika heri, wa pili andika jina lake na deni lake, mbele ya macho yake, halafu mpe ladu mbili. Atakula. Kulipa ni baada ya mahindi.

Fataki zinataka kibali cha polisi. Hata ukikipata, mbwa wa Bombambili hawatakisoma.

Mwaka 2026 Diwali ni Jumapili, tarehe 8 Novemba. Watu watakuwa wametoka kanisani wamevaa vizuri, hawajala, na njia yao inapita kwako. Unga wa dengu uagize kabla Oktoba haijaisha, kilo mara mbili ya ulizopanga, na chevda usiitoe yote kwa mpigo.