Barua ya Wazi kwa Mwenye Mhuri wa Bahari Kuu

YAH: OMBI LA KUUZIWA JODARI MMOJA, MZIMA, KUTOKA MELINI

Mheshimiwa,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mlaji wa kawaida, mkazi wa Dar es Salaam. Sidaiwi kodi ninayoijua na sijawahi kushiriki uharamia. Naomba kibali cha kununua jodari mmoja, mwenye kichwa chake na mkia wake, moja kwa moja kutoka kwenye mojawapo ya meli za kigeni zinazovua kwa leseni ndani ya maili 200 za bahari yetu. Nitalipa taslimu. Kikapu nitakuja nacho, cha ukili, maana marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 naikumbuka.

Kabla ya kukuandikia niliulizia kwenye ofisi moja ya umma ambayo adabu inanizuia kuitaja. Binti wa mapokezi aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Mzee, kampuni yako inaitwaje?"

"Sina kampuni, mwanangu. Nina familia."

"Na unataka tani ngapi?"

"Samaki mmoja."

Akafungua droo, akaifunga. Akaniambia kwa huruma kwamba fomu ya samaki mmoja haipo. Nikamuuliza ya samaki wawili je? Akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa kwenye semina ya kuhamasisha ulaji wa samaki.

Simlaumu binti yule. Meli kubwa ya nyavu za kuzungusha hubeba zaidi ya tani elfu moja za jodari waliogandishwa, na mtu anayepima kwa maelfu hawezi kumwona mtu wa kikapu. Lakini wewe, Mheshimiwa, ndiye unayegonga mhuri kwenye leseni ya meli hiyo, kwa hiyo nimeona nije kwa mwenye nyumba.

Huenda hujafika soko la samaki la Feri siku za karibuni, basi nikuchukue kidogo. Alfajiri boti zinaingia, vijana wanashuka na maji hadi kifuani, matenga yanapita juu ya vichwa. Mara chache, katikati ya vibua na sehewa, anashushwa jodari wa kilo thelathini aliyenaswa na jarife au mshipi, mgongo wa buluu iliyoiva, mapezi ya njano, ngozi bado inang'aa. Wachuuzi wanajisogeza. Dalali anaanza bei, anapandisha, anapandisha tena. Pembeni amesimama bwana mmoja ambaye viatu vyake havijawahi kuguswa na maji ya Feri. Huyo hapigi kelele. Anatikisa kichwa mara moja tu, na jodari anaondoka kwenda hotelini ndani ya gari lenye barafu. Sisi tuliobaki tunageukia vibua, na mama lishe mwenye bahati anapata kichwa cha supu kutoka kwa jodari mwingine aliyekwisha kukatwa mapande. Kwa wastani, Mheshimiwa, wananchi wako wanamfahamu jodari kuanzia matamvuani kwenda mbele.

Baada ya hapo huwa napita dukani. Kule jodari wamejaa rafu nzima, wako kwenye makopo. Nikigeuza kopo nasoma kwamba limetengenezwa Thailand, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje jodari wa makopo na ambayo hununua samaki wake kutoka bahari za watu, Bahari ya Hindi ikiwemo. Sina ushahidi kwamba yule wa kwenye kopo langu alipita kisiwa chetu cha Mafia akiwa hai. Huenda alipita. Huenda alivuliwa, akagandishwa, akavuka bahari, akapikwa, akatiwa mafuta ya soya, akarudi kwangu akiwa na picha ya mawimbi na ushuru wa forodha. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wa zizi letu.

Wataalamu wako wataniambia kwamba meli zilikuwa hazitii nanga kwetu kwa sababu hatukuwa na bandari ya uvuvi ya kuzipokea, ndiyo maana zikazoea kushusha Victoria, Shelisheli, ambako kiwanda cha makopo kinazisubiri na ambako hata Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imeweka makao yake. Nakubali. Shelisheli ina watu wachache kuliko baadhi ya wilaya zetu, ila ina gati. Sisi tuna pwani ya zaidi ya kilomita elfu moja, na tulikuwa na mipango kabambe tu, na mpango haufungiwi kamba ya meli. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2023, nami niliishangilia.

Mnajua pia jinsi wageni hawa wenye meli walivyo wepesi kununa. Kuna wakati mliwawekea mrabaha wa dola 0.4 kwa kilo. Senti arobaini! Wakaona ni mateso, wakakacha leseni zetu, hatimaye mkaufuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, kapona yeye. Mimi niko tayari kulipa mara kumi ya mrabaha ule kwa kila kilo, na nikikasirika sina Shelisheli ya kuhamia. Mteja wa namna hii mnampata wapi?

Naomba sasa nitaje jambo ambalo najua halipendezi ofisini. Jodari wa meli ya kigeni waliwahi kutufikia, tena kwa wingi. Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa kwenye ukanda wetu wa bahari, ikaburutwa hadi Dar es Salaam na zaidi ya tani 290 za samaki tumboni. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli. Samaki wakagawiwa bure kwa taasisi za umma, na mitaani wakapata jina ambalo mpaka leo ukilitaja mtu anacheka: samaki wa Magufuli. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani watu wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu, wakaachiwa. Kwa maneno mengine, wezi hawakuonekana, ila kidhibiti kilikuwa kimeshaungwa kwa nazi.

Somo nililolipata ni hili: meli ikija na leseni, mimi sili, meli ikija bila leseni, nina nafasi ya kula. Utanisamehe, Mheshimiwa, lakini kwa mpangilio huu mlaji mwenye akili timamu ataombea wizi uongezeke.

Nisiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu ipo hoja moja ya kweli dhidi ya ombi langu. Jodari hachezewi. Akikosa ubaridi saa chache tu, nyama yake hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga. Na huyo wa melini ana mambo yake. Meli zinazovua kwa kamba ndefu zenye maelfu ya ndoano humgandisha hadi nyuzi 60 chini ya sifuri kwa ajili ya wala samaki mbichi wa Japani. Akishushwa kwenye joto letu la Januari atafuka moshi kama chetezo, na panga la Feri litadunda mgongoni mwake, kwani anahitaji msumeno wa umeme. Ni kweli, basi. Lakini dawa ya hilo ni chumba cha baridi, mzani, msumeno na mkaguzi mwenye kipimajoto. Haihitaji kongamano.

Wengine wameliweza bila makuu. Oregon, Marekani, msimu wa kiangazi wavuvi wa jodari mweupe hufunga boti gatini na kuuza samaki mzima kwa yeyote anayeteremka na sanduku lake la barafu. Ukitaka, wanakukatia hapohapo. San Diego kuna soko la wavuvi gatini kila Jumamosi, na mwaka 2015 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuyarahisishia kazi masoko ya namna hiyo. Wabunge wa watu walikaa, wakajadili namna mtu wa kawaida atakavyofika kwa samaki. Nilipolisoma hilo nilisoma mara ya pili, nikidhani nimeruka mstari.

Sikuombi uwafukuze wageni. Leseni zao zinaleta dola na dola tunazihitaji. Naomba kwenye leseni hiyo uongeze sharti moja: kila meli ishushe sehemu ya samaki wake Kilwa, Dar es Salaam au Zanzibar, wauzwe wazima, kwa mnada wa wazi, na mchuuzi wa Feri na mama lishe waweze kujiunga hata watano wakanunua mmoja. Bwana wa viatu vikavu naye aje, apange foleni.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Kama jibu ni hapana, basi nitumiwe ratiba ya doria, ili siku mtakapoikamata meli nyingine niwe nimeshawahi na kikapu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlaji

Nakala: Nahodha yeyote aliye karibu.