Unamzalia Nani, Bwana We?

Chupa iliingia nyumbani kwetu Makunduchi mwezi wa Julai, sherehe ya Mwaka Kogwa ikikaribia, ndani ya begi la shangazi aliyekuja likizo kutoka Muscat. Vidonge laini vya vitamini E, rangi ya asali, kila kimoja yuniti 400. "Vya ngozi hivi," akasema, akapanda gari kwenda Mjini kusalimia jamaa. Laiti angekaa akaeleza!

Dada zangu walivitoboa kwa sindano, wakavikamulia kwenye mafuta ya nazi, nyuso zikang'aa mpaka nzi wakateleza. Ami, anayesomesha chuoni, aliuliza kwanza ganda la jelatini limetoka kwa mnyama gani. Tukasoma chupa, ng'ombe, akachukua viwili. Babu hakuuliza kitu. Alimeza kimoja asubuhi, kimoja usiku, akidai magoti yanalainika na kwamba mwaka huu ataingia uwanjani siku ya Mwaka Kogwa kupigana kwa migomba na vijana.

Mambo yaliharibika mdogo wangu alipotusomea simu wakati wa chakula. Mwaka 1922, kule California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya chakula kisicho na vitamini hii. Majike walishika mimba, lakini zikaharibika zote. Walipoongezewa majani ya saladi, wakazaa.

Bibi akarudisha tonge sahanini.

"Kumbe dawa ya uzazi! Na wewe viwili kwa siku. Unamzalia nani, bwana we?"

Babu akasema magoti. Bibi akauliza magoti gani yanayozaa. Usiku ule Babu alipakuliwa ukoko mtupu, na chupa ikafichwa jikoni, juu ya uchaga wa kuni, moto ukiwaka chini yake. Ilipoteremshwa, vidonge vilikuwa vimegandamana donge moja kama halua.

Akaitwa jirani, muuguzi, aamue. Habari za uzazi hakuzijali hata kidogo. Alimwomba Babu amwonyeshe dawa zake nyingine, na Babu akatoa warfarini, ya kuzuia damu isigande.

"Babu, vitamini hii acha leo!"

Vitamini E nyingi huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ndiyo inayosaidia damu kuganda; ukichanganya na warfarini, damu ikianza kutoka huenda isikatike. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 tu kwa siku, na kidonge kile kimoja kilikuwa na zaidi ya mara kumi ya hizo. Wamarekani nao walitangaza mwaka 2011 kwamba wanaume waliopewa yuniti 400 kila siku waliugua saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Bibi aliposikia tezi dume, uso ukakunjuka mara moja. Kisha akauliza ale nini basi mzee huyu.

"Mchicha, mafuta ya alizeti, karanga."

Karanga sasa anampimia mwenyewe, kiganja kimoja.

"Zikizidi," anasema, "ataanza kuwaamkia wanawake wanaolima mwani."