Fundi wa Jumamosi

Katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Arusha, Dar es Salaam na Unguja, wapo wamiliki wa magari na pikipiki ambao hawatosheki kuviendesha vyombo vyao, bali hutaka pia kuvifungua. Kwa kuwa kundi hili halina jina rasmi, mtu wake anaweza kuitwa fundi wa Jumamosi, yaani mmiliki ambaye riziki yake inatokana na ualimu, uhasibu, biashara ya nafaka au kazi nyingine isiyopaka mikono grisi, lakini ambaye mwisho wa juma huvaa fulana kuukuu, hutandika boksi chini ya gari na kutoonekana tena, isipokuwa miguu, mpaka adhuhuri. Hafai kuchanganywa na fundi wa gereji, kwa sababu fundi wa gereji hufungua gari ili alifunge alipwe, ilhali huyu hulifungua kwa sababu amelikuta limefungwa.

Watu wa nyumbani kwake wakimuuliza sababu, hutoa hoja ya gharama: mafundi ni ghali, tena wengi wanabahatisha. Hoja hiyo haihimili hata hesabu ya kijuujuu. Ili aepuke kumlipa fundi ujira wa kubadilisha pedi za breki, yaani vile vibao vya msuguano vinavyoibana sahani mpaka gurudumu lisimame, hununua jeki ya magurudumu, stendi za kuegemezea gari, seti nzima ya spana na soketi, na hatimaye spana ya toki, ambayo ni spana yenye kupima nguvu ya kukazia kwa nyutoni-mita, kipimo ambacho mtaani kwake hakuna mwingine anayekitaja wala kukihitaji. Kwa fedha hizo fundi angebadilisha pedi hadi gari lizeeke, mmiliki naye azeeke, na warithi waanze kuligombea. Ni afadhali ikubalike mapema kwamba jambo lenyewe ni la mapenzi, na kwamba risiti hutafutwa baadaye ili kuyastiri.

Vifaa hivyo vina tabia zake. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara za eneo hili, hufungwa zaidi kwa boliti zenye vichwa vya milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, wakati magari ya Kijerumani hupenda 13 mahali ambapo Mjapani angeweka 12 au 14. Spana namba 10 ndiyo inayofungua vichwa vya betri, vifuniko, koili za plagi na karibu kila kitu ambacho fundi wa Jumamosi anathubutu kukigusa, na kwa hiyo ndiyo inayopotea. Upotevu wake si wa kishirikina, kwani magari mengi yana kava la plastiki chini ya injini kwa ajili ya kuzuia maji na matope, na kifaa kikidondoka kati ya injini na kava hilo hakifiki chini wala hakionekani kutoka juu, bali hutulia humo mpaka gari lipite juu ya tuta, ndipo kitoe mlio ambao Jumamosi inayofuata utachunguzwa kwa makini kama ubovu wa shokabu.

Pikipiki huonekana rahisi zaidi kwa kuwa kila kitu kiko nje, na wepesi huo ndio unaoponza. Bisibisi ya msalaba iliyozagaa madukani ni ya muundo ulioenezwa na Mmarekani Henry Phillips katika miaka ya 1930, ambao ncha yake huelekea kuteleza na kujitoa inapokazwa kwa nguvu, lakini skrubu za pikipiki za Kijapani za zamani zilifuata kiwango kinachotofautiana nao kidogo, ambacho mara nyingi hutambuliwa kwa kidoa kilichopo kwenye kichwa cha skrubu. Kwa macho tofauti haionekani. Juu ya kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, hujitokeza waziwazi, kwani bisibisi huzunguka, skrubu hubaki pale pale, na msalaba hugeuka kuwa duara laini, hivyo mtu aliyeanza asubuhi kwa nia ya kusafisha kabureta humaliza jioni akiulizia nyumba yenye drili. Mwenye Yamaha ana mtihani wa ziada, kwa kuwa pikipiki nyingi za kampuni hiyo zina nyuzi zilizogeuzwa kwenye kioo cha kulia, maana yake kioo hicho hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao vingine vyote hukazwa, na mmiliki asiyelijua hilo hukaza kwa bidii kitu anachoamini anakifungua, mpaka kikatike. Unguja, ambako Vespa bado zina wapenzi wake, hatari iko katika ukarimu: injini ya Vespa za zamani ni ya mipigo miwili, oili yake huchanganywa ndani ya petroli, kwa kawaida kiasi cha asilimia 2, na mmiliki anayezidisha kipimo kwa huruma huondoka akiwa amefunikwa na moshi wake mwenyewe hadi plagi izibe.

Elimu ya fundi wa Jumamosi ina historia yenye heshima kuliko matokeo yake. Mwaka 1965 John Haynes, aliyekuwa akilitumikia jeshi la anga la Uingereza huko Aden, alimsaidia mwenzake kufufua gari dogo aina ya Austin-Healey Sprite, akabaini kwamba kitabu cha kiwanda hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, akanunua kamera na kupiga picha kazi ya kufungua na kufunga injini. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1966 na kuzaa mfululizo uliosambaa duniani, kwa hiyo mojawapo ya chemchemi za utamaduni huu iko katika bandari ambayo majahazi ya pwani ya Waswahili yaliizoea karne nyingi kabla ya gasketi. Udhaifu wa vitabu vya jadi hiyo uko mahali pamoja tu: baada ya kurasa nyingi zinazoeleza namna ya kufungua, msomaji huelekezwa kwa ufupi arudie hatua zilezile kinyumenyume, ushauri ambao ni sahihi kabisa kwa mtu anayezikumbuka.

Ni katika safari hiyo ya kurudi ndipo nati hubaki. Kila kitu kimefungwa, boneti imeshushwa, mikono imenawishwa kwa sabuni ya unga, na pale kwenye boksi ipo nati moja, safi, yenye kila dalili ya kuwa na umuhimu mahali fulani. Maelezo yanayotolewa katika hali hiyo hayatofautiani sana kutoka mji mmoja hadi mwingine: kwamba kiwanda huweka za ziada, kwamba ilikuwemo humo tangu Japani, au kwamba ni ya gari la jirani, ingawa jirani ana baiskeli. Gari likiwaka, nati huhifadhiwa kwenye kopo la maziwa pamoja na wenzake waliotangulia, na baada ya miaka michache kopo hilo huwa na sehemu za kutosha kuanzishia gari jingine. Siku hizi video zimechukua nafasi ya kitabu, na ndani ya video hizo mtu mwenye karakana yenye sakafu inayong'aa hulegeza kwa vidole viwili boliti ambayo huko Tanga au Mombasa, kwa hewa ya chumvi, imekwisha kuungana na chuma kilichoizunguka na haina habari ya kuachana nacho.

Hakuna sehemu ya gari inayoonyesha mashaka ya fundi wa Jumamosi vizuri zaidi ya thamostati, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hapa, tofauti na mahali pengi, ukweli uko upande wake. Thamostati ni valvu ndogo yenye nta ndani yake, inayoyazuia maji ya injini yasipite kwenye rejeta mpaka yapate joto la kutosha, na katika injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya lita 1.5 inayopatikana kwenye IST na Probox, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Mafundi wengi wa mitaani huing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi na kwamba katika joto la Dar es Salaam kazi yake ni kuchemsha gari tu. Hoja hiyo inavutia, lakini ina kasoro, kwa kuwa injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta ya gari hudhani kuwa injini ndiyo kwanza imewashwa, nayo huendelea kuongeza petroli. Taa ya bluu ya ubaridi, ambayo magari mengi madogo ya Kijapani huwa nayo badala ya mshale wa joto, hukaa ikiwaka safari nzima, na mwenye gari hushangaa mafuta yanakwenda wapi.

Fundi wa Jumamosi husoma haya yote, huyaelewa, na huamua kuirudisha thamostati mahali pake. Uamuzi huo ni wa kisayansi, na kwa mtu wa aina yake hakuna jambo la hatari kama kuwa na haki, kwa sababu mwenye haki hana subira na mambo madogo. Jambo dogo la kwanza ni kwamba thamostati nyingi zina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, ambacho lazima kikae juu ili hewa ipate pa kutokea. La pili ni kwamba mfumo ukishamwagwa maji lazima ujazwe polepole, injini ikiwaka na mfuniko ukiwa wazi, mpaka mapovu yaishe, kwani hewa iliyonaswa ndani huyazuia maji kuzunguka na kufika panapounguzwa. Yeye huweka kipini upande unaomrahisishia mkono, humimina maji mpaka yafike mdomoni, huyatazama kwa ridhaa, kisha hufunga mfuniko na kwenda mjini kuionyesha dunia matokeo ya utafiti. Katikati ya foleni ya Barabara ya Morogoro taa ya bluu huzimika kama ilivyotarajiwa, ikampa furaha isiyo na kifani, na baada ya muda mfupi huwaka nyekundu.

Boneti inayofunuliwa barabarani huzalisha washauri papo hapo, na haijulikani watu hao hukaa wapi magari yakiwa mazima. Muuza maji husema, "Mzee, gasketi hiyo imekufa." Dereva wa bodaboda humsahihisha, "Bosi, hiyo pampu," naye abiria wake, ambaye haonekani kuwa na haraka tena, hutaka mfuniko wa rejeta ufunguliwe upesi ili injini ipumue. Ushauri huu wa mwisho ndio mbaya kuliko yote, maana mfuniko wa rejeta huyaweka maji chini ya shinikizo, na kwa shinikizo la takriban bari 1 juu ya lile la kawaida maji hufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, hivyo anayeufungua ghafla huyapa ruhusa ya kuchemka yote kwa pamoja kuelekea usoni pake. Fundi wa Jumamosi analijua hilo na huzuia watu kwa mikono miwili, jambo ambalo umati hulitafsiri kuwa anaficha kitu. Hatimaye mtu mzima mmoja huuliza kama gari lina thamostati, na anapojibiwa kuwa linayo, tena mpya, hutikisa kichwa na kutoa hukumu kwamba hicho ni kifaa cha Ulaya, ingawa gari ni la Japani, na hoja iliyokuwa sahihi vitabuni huwa imeshindwa mbele ya mashahidi wasiopungua darzeni mbili.

Spea nayo ina taratibu zake. Katika maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, katika Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, na katika soko la Kisekka mjini Kampala, fundi wa Jumamosi hujitambulisha kwa kufika na karatasi. Ameandika namba ya chesisi na namba ya spea kama ilivyo kwenye katalogi, na muuzaji huisoma karatasi hiyo kwa heshima, humrudishia, kisha humuuliza kama amekuja na sampuli, yaani kifaa chenyewe kibovu. Sampuli iko kwenye gari, gari liko nyumbani, na kifaa kikishang'olewa gari haliwezi tena kuja dukani, kwa hiyo anayefaidika na utaratibu huu ni dereva wa bodaboda. Spea mpya hulingana na sampuli kwa kila kitu isipokuwa sikio moja la kufungia boliti, na sikio hilo hugunduliwa jioni.

Wenye Land Rover za zamani hawahusiki sana na masumbuko haya, kwa kuwa wao wameshapita hatua ya kutaka gari lipone. Gari hilo lilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na wapenzi wake, waliojaa Arusha katika tamasha lao la Oktoba 2024, huchukulia oili inayodondoka kuwa uthibitisho kwamba bado imo.

Siku hufika ambapo gari hupelekwa gereji. Fundi wa kweli huinama, humulika tochi, huona boliti iliyoviringwa kichwa, mpira wa maji uliofungwa kwa waya wa umeme, na kipini kinachotazama ardhini, kisha huuliza swali ambalo mafundi wote huliuliza, nani alifungua hapa. Mwenye gari hujibu, bila kupepesa, kwamba ni fundi mmoja wa Morogoro, aliyempata safarini. Fundi hutazama zile kucha zenye oili nyeusi, hanyoshi kidole, bali huanza kumsema yule fundi wa Morogoro: kwamba hana macho, kwamba hajawahi kushika spana, kwamba watu wa namna hiyo wangestahili kunyang'anywa hata jeki. Katika kila sentensi husimama kidogo na kusubiri, na mwenye gari, kwa sauti inayozidi kupungua, hulazimika kukubali kwamba ni kweli, yule bwana hafai kabisa.