Kamera ya laki mbili, miguu ya alfu tatu

Nkt! Jana jioni nilisonya mpaka mama wa chapati akaacha kusukuma, akauliza kulikoni. Tulikuwa kwenye kona yetu pale Umoja, Nairobi, benchi lile lile, na kijana wa mtaa anayepiga picha za arusi akawa amefika na stendi yake ya kamera kwapani. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kifungio cha plastiki kilikuwa kimepasuka katikati ya ruracio, sherehe ya mahari, huko Kayole, mguu ukajikunja, kamera ikaenda chini na lenzi yake. Shukuru Mungu iliangukia zulia. Lakini ile dakika wazee walipopeana mikono, dakika ambayo familia mbili zimeingojea miezi, haimo kwenye video. Pana paa la hema na sauti ya mtu akisema, "Pole, pole."

Nikamuuliza, kijana wangu, kamera na lenzi vilikugharimu ngapi? Laki mbili na kitu. Na stendi? Alfu tatu.

Hapo ndipo niliposonya.

Jamani wenzangu wa kamera, hili tulisemezane. Mtu anajinyima mwaka mzima, anakopa chamani, ananunua mashine ya maana. Akifika kwenye miguu ya kuisimamisha, anachukua ya kwanza aliyoiona imening'inizwa dukani. Na sisi ndio wana wa watu waliosema mafiga mawili hayainjiki chungu! Stendi ni mafiga. Jiwe moja likilegea, uji wote uko jivuni, hata kama chungu ulikinunua kwa pesa za shamba.

Hebu tupime. Canon 5D Mark IV, ikiwa na betri na kadi ndani, ni gramu 890. Lenzi ya 70-200 yenye uwazi wa f/2.8, toleo la pili, ile tunayoitegemea makanisani tukiambiwa tukae nyuma, ni gramu 1,490. Hapo tayari una karibu kilo 2.4, na hujapachika kipaza sauti, monita wala betri yake. Funga kila kitu na umeshapita kilo 3. Na namba iliyoandikwa kwenye boksi la stendi huhesabu mzigo uliotulia wima katikati. Lenzi ndefu haikai hivyo, inavuta mbele, na ukiiinamisha inavuta zaidi. Kwa hiyo mimi sinunui stendi ambayo haijaandikwa angalau mara mbili ya mzigo wangu. Una kilo 3 na nusu? Tafuta ya kilo 7 kwenda juu.

Ugonjwa mwingine uko kichwani mwa stendi. Umelenga uso wa bibi arusi, umekaza skrubu, umeachia mkono. Picha inaanza kushuka taratibu: kidevu, mkufu, maua. Unaipandisha, inashuka tena. Kichwa kizuri cha video kina mafuta mazito ndani yanayozuia mwendo kwa upole, na springi inayobeba uzito wa kamera ukiinamisha. Eric Miller wa Australia ndiye aliyetuletea kichwa cha mafuta miaka ya 1940, na wazo halijazeeka. Vichwa vingi vya bei ya chini vinajiita vya mafuta, lakini ndani ni grisi na plastiki inayosuguana. Ukigeuza kamera polepole kufuata maharusi wakiingia, inakwama, inaruka, inakwama. Mhariri hawezi kukusaidia hapo.

Mzee mmoja benchini akanikatiza. "Na Mohamed Amin je? Si alipiga begani, dunia nzima ikaona?" Nikamwambia, mzee wangu, huyo usinikumbushe, ni wetu. Alizaliwa Eastleigh hapa mwaka 1943. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliiamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Lakini kamera ya habari ya enzi ile iliundwa ikae begani, uzito ulale kwenye mfupa. Hizi zetu ndogo hazina bega. Unazishikilia mbele ya kifua kwa misuli ya mikono, na misa ya arusi ni saa mbili kabla hata ya kwenda kwenye keki. Habari ni kitu kingine, arusi ni kitu kingine. Mzee akanyamaza, akanisogezea chai.

Tena kazi imebadilika. Machi 2020 makanisa yalipofungwa na mazishi yakawekewa watu 15, kurusha ibada na mazishi mtandaoni kuliingia mitaani, na hakujatoka. Leo mtoto yuko Doha anamzika mama yake kwa kutazama simu. Picha ikitikisika, bando haliwezi kuibeba: kila kitu kinachosogea kinahitaji data zaidi, na palipo na mtandao dhaifu sura zinageuka vipande vya rangi. Stendi iliyotulia ndiyo inayomwonyesha yule mtoto uso wa mama yake kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Basi ukienda mjini kununua, usikubali kuuziwa maelezo. Itandaze miguu yote hadi mwisho, ila ile nguzo ya katikati usiipandishe. Ukiipandisha umeifanya kamera isimame kwa mguu mmoja. Shika kichwa kwa mikono miwili, ukisokote kama unayefungua mfuniko wa chupa ya jemu. Miguu ikijipinda, irudishe rafuni. Tazama vifungio: vya chuma vyenye skrubu ya kukaza vikilegea vitakutunza miaka, vya plastiki vitakufia Kayole. Tazama nyayo. Misumari inafaa vumbi na matope ya mitaani, lakini kwenye nyasi bandia za Camp Toyoyo, Jericho, utatoboa uwanja wa watoto, kwa hiyo taka zenye raba za kuvalisha.

Na bei? Ushauri wangu ni mmoja: nunua ya aluminiamu, nzito, iliyotumika, ya kampuni ambayo vipuri vyake vinapatikana. Kaboni ni nyepesi na ni nzuri, ila pesa hizo lipia lenzi. Manfrotto kuukuu iliyochubuka rangi nitaichukua mbele ya mpya inayong'aa yenye jina nisilolijua, kwa sababu kipande kikivunjika kinauzwa peke yake. Skrubu za kamera nazo ni za inchi 1/4 au 3/8 ulimwenguni kote, kwa hiyo vichwa na miguu ya kampuni tofauti mara nyingi huoana. Anza na miguu imara, kichwa kizuri kifuate mapato yakiruhusu.

Yule kijana nilimpeleka leo asubuhi Kariobangi Light Industries kwa fundi wa kukereza vyuma. Fundi aliupima mguu kwa kalipa, akachukua kipande cha aluminiamu, akakikereza pete, akaitoboa tundu la boliti. Pete ikaingia kwenye mguu kwa kubanwa, bila kucheza hata kidogo. Ni mguu mmoja kati ya mitatu, na kichwa bado ni kile kile kinachosinzia, lakini utamvusha mpaka apate stendi nyingine. Nikamwonyesha pia mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5: ujaze maji, tayari una kilo 5, uning'inize chini ya nguzo ya katikati huku kitako kikigusa ardhi kidogo usibembee. Upepo wa Eastlands utapita na kamera itabaki hapo hapo.

Wapiga picha watatu wa mtaa mmoja mnaweza kuungana kama chama, mnunue stendi moja ya maana, muizungushe Jumamosi kwa Jumamosi. Ambaye hawezi hata hilo, akodishe ya siku moja kabla ya kutoa hela zake. Na siku ya kununua, beba kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote hadi dukani. Ipachike pale pale kaunta, inamisha lenzi, kaza, achia mkono, hesabu hadi 60. Ikishuka, usilipe.